Msimu Tuliofungwa Kila Mechi

Nilikuwa namfundisha kuendesha gari, ndiyo maana tulikuwa pale. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, kwenye maegesho ya bustani moja ya umma huko Gahanna, pembeni ya jiji la Columbus, Marekani, na yaya ameshika usukani kwa mikono miwili kama mtu aliyeambiwa gari litamtoroka. Yaya ni neno la kwao Bukavu la kumwita aliyekuzidi umri. Nilimwita hivyo tangu tulipofahamiana kwenye ibada ya Kiswahili, katika kanisa ambalo Wamarekani walituazima Jumapili mchana. Alikuwa ameletwa Columbus pamoja na watoto wake kama wakimbizi, na alifanya kazi ya kupakia maboksi kwenye ghala karibu na uwanja wa ndege. Mimi nilitoka Nakuru kuja kusoma, nikabaki, nikapata kazi ya ofisini kwenye kampuni ya bima.

Mpira ulidunda kutoka nyasini ukagonga boneti. Haukuwa wa duara; ulichongoka pande zote mbili kama papai. Yaya akashuka na malapa yake, akauokota, akaugeuza mkononi, kisha akaudondosha mguuni na kuupiga. Ulipaa moja kwa moja hadi kifuani mwa mzee aliyekuwa akiukimbilia. Mzee huyo akausahau mpira wake, akatujia akihema.

"Muulize amefundishwa wapi," akaniambia.

Nikamuuliza. Yaya akacheka. "Mwambie sikufundishwa. Ni mupira tu."

Hivyo ndivyo tulivyoingia kwenye timu ya wanawake ya mpira wa Kiaustralia. Mzee yule ndiye aliyekuwa kocha, Mwaustralia aliyeoa huku, fundi wa mitambo ya kupasha nyumba joto. Alikuwa amekusanya wauguzi, walimu na wanafunzi wachache, wengi wao hawajawahi kuuona mchezo huo hata kwenye televisheni. Uwanja ni wa mviringo, mkubwa mno. Kila upande una milingoti minne: ukiupitisha mpira kwa mguu kati ya miwili ya ndani unapata alama sita, ukipita pembeni au ukigusa mlingoti unapata alama moja tu, kama pole. Na ukiudaka safi mpira uliopigwa kwa mguu, refa anapuliza kipenga na wote wanakupisha. Unasimama peke yako na mpira wako, unapiga ukiwa tayari.

Mimi nilicheza mpira wa pete sekondari, kwa hiyo mikono nilikuwa nayo. Miguu yangu ilikuwa ya kutembelea tu. Yaya alikuwa kinyume changu, na kocha alipotuona mazoezini alisugua viganja kama mtu aliyeletewa chakula.

Tulifungwa mechi ya kwanza, tukafungwa ya pili. Baada ya kila mechi kocha alituweka duara akasema neno lilelile: kujiamini. Mnajua kucheza, alisema, ila hamjiamini. Alitufanya tupige kelele kabla ya mazoezi. Alitufanya tufumbe macho tujione tukishinda. Yaya alifumba macho kwa utiifu kama yuko kwenye maombi, na nilipomuuliza baadaye aliona nini, alisema aliwaza watoto wamekula nini.

Sikukubaliana na kocha. Niliona wazi kwamba hatujui. Tulidondosha mipira, tulipigiana pasi miguuni, na nusu yetu hatukujua la kufanya mpira ukiwa chini. Timu inayofungwa huambiwa haijiamini kwa sababu ni maneno ya upole kuliko ukweli. Nilimwambia hivyo siku moja, kwa heshima. Akaenda kukusanya mipira.

Ila yaya, kocha alimfundisha kweli. Alimwonyesha vidole vikae wapi, mpira uachiliwe kutoka kimo gani, hatua ya mwisho iwe ndefu kiasi gani. Yaya alijifunza upesi. Na kadiri alivyojifunza, ndivyo alivyonyamaza. Alianza kuutazama mpira kabla ya kuupiga kama unavyomtazama mbwa wa jirani usiyemjua.

Mji wa Louisville tulikwenda kucheza kwenye joto kali, magari matatu yakifuatana. Wenyeji walikuwa wazuri kuliko sisi, lakini si sana, na hadi robo ya tatu tulikuwa tukiwafuata kwa karibu. Hapo ndipo yaya alipodaka mpira mbele kabisa ya milingoti. Kipenga. Wote wakampisha. Mtoto angeweza kuufunga ule mpira. Yaya alisimama, akaweka vidole alivyofundishwa, akainua macho. Kisha akageuka akanipasia mimi, pembeni, ambako nilikuwa nimezingirwa na wasichana wawili. Mpira ukapotea. Upande wa pili wakafunga, wakafunga tena, na mechi ikaisha vibaya.

Tulipita Cincinnati tukirudi nyumbani. Baadaye nikashindwa kuvumilia.

"Yaya, ulikuwa peke yako pale. Kwa nini hukupiga?"

"Nilijua nitakosa."

"Ungejuaje?"

Alitazama dirishani. "Bon. Mbele sikukuwa najua namna mupira inaweza kupotea. Sasa najua. Ukiishika mubaya inaenda kushoto. Ukiiachilia juu sana inazunguka. Ukiangalia milingoti mbele ya kuangalia mupira, inakufa. Donc nikisimama pale naona makosa yote kwanza, moja moja. Goli siione."

"Basi tufanye mazoezi zaidi."

"Tufanye, mudogo yangu," alisema, kwa sauti ya mtu anayemridhisha mgonjwa.

Tulifanya. Jioni baada ya zamu yake tulirudi kwenye nyasi zile za Gahanna, ndege zikipita chini juu yetu, watoto wake wakicheza kando na kumjibu kwa Kiingereza kila alipowaita kwa Kiswahili. Alipiga mpaka nikachoka kumwokotea. Hakukosa. Nilianza kuamini kwamba nimemshinda kocha, kwamba ustadi ukishaingia mwilini hakuna haja ya neno lingine lolote.

Mechi ya mwisho ilikuwa Buffalo. Tulifika siku moja kabla, mimi na yaya tukalala kwa kaka yake, aliyenunua nyumba kuukuu mtaa wa Black Rock akawa anaikarabati mwenyewe chumba kwa chumba. Mkewe alitupikia fufu ya muhogo na sombe, kisamvu cha kwao. Mezani kaka mtu akaanza kunisimulia.

"Huyu njo alikuwa anapiga penalti yote ya timu ya parokia. Yote! Hata bavijana ba mutaa ya Kadutu balikuwa banakuja kumuangalia."

"Unyamaze," yaya alisema.

"Ni bongo? Niko nadanganya?"

"Si bongo. Lakini kule, bale benye kuniangalia nilikuwa nabajua. Nikikosa, banacheka, tunaenda kula. Hapa banangojea kuona kama mukimbizi anaweza." Akamega fufu. "Ku kazi ni vile. Ku masomo ya batoto ni vile. Kila siku ni mutihani. Nikifika ku mupira, niko nimechoka na mitihani."

Kaka yake akamsogezea sombe. Nami nikakumbuka kwamba jioni zile zote za Gahanna nilikuwa nimemtahini bila kujua.

Tulicheza Amherst, kitongoji cha Buffalo, karibu na chuo kikuu, upepo ukivuma kutoka ziwani bila kupumzika. Sijui kwa nini siku ile tulicheza vizuri. Tulidaka, tukatulia na mpira, tukaonana. Robo ya mwisho ilipokaribia kwisha tulikuwa nyuma kwa alama chache ambazo goli moja lingezifuta. Nikaudaka mpira katikati ya watu, nikautuma mbele kwa teke langu baya, na yaya akautoa hewani mbele ya mabeki wawili.

Kipenga.

Nilisimama nyuma yake. Safari hii hakugeuka kunitafuta. Alirudi nyuma hatua zake, akavuta pumzi, akakimbia, akapiga. Lilikuwa teke zuri kuliko yote niliyomwona akipiga, na niliuona mpira ukienda katikati, sawasawa, hadi upepo ulipoushika. Ulipinda kidogo tu. Ukagonga mlingoti.

Alama moja. Tulifungwa.

Hakuna aliyemlaumu. Nadhani lawama ingekuwa afadhali. Wenzetu walimpigapiga mgongoni wakisema vizuri, vizuri, naye akaitikia kwa kichwa kama mtu anayepewa pole msibani. Alikuwa na ustadi, na dakika ile alikuwa na moyo pia. Niliuona kwa macho yangu. Havikutosha.

Kocha hakutuweka duara. Alikuwa amekalia kisanduku cha barafu, kofia mkononi. Tulipomkaribia aliongea bila kutuangalia, nami nikamtafsiria yaya kwa sauti ya chini.

"Nilipokuwa kijana timu ya kwetu iliniacha," alisema. "Waliniambia sijiamini. Ukweli ni kwamba sikujua kucheza, na hakuna aliyekuwa na nafasi ya kunifundisha. Nimewaambia ninyi maneno yaleyale msimu mzima kwa sababu ndiyo niliyoyasikia."

Yaya akanigeukia. "Mwambie mimi alinifundisha kupiga. Alinifundisha muzuri. Ile ingine, sijue nani anafundisha."

Nilitafsiri. Kocha akafuta uso kwa kofia, akaanza kupakia vitu.

Majira ya baridi yalipoisha tulibaki wachache mno wa kuandikisha timu. Muuguzi mmoja alipata mtoto, wanafunzi wakahitimu, na kocha akaenda kwao kumuuguza mama yake, hajarudi. Yaya alihamia Buffalo na watoto, kwenye vyumba vya juu vya nyumba ya kaka yake. Anafanya kazi kwenye nyumba ya wazee. Wasichana wa timu ya kule walikumbuka teke lile, wakamfuata kazini kumwomba achezee kwao. Aliwashukuru akakataa.

"Yaya, si ungejaribu hata mazoezi?" nilimuuliza kwa simu.

"Nimechoka kujaribu, mudogo yangu. Wazee hapa nabajua namna ya kubaogesha. Hakuna mutu anasimama kuniangalia."

Sauti yake haikuwa ya huzuni, na hilo ndilo lililoniuma.

Mimi naichezea Louisville siku hizi, wananiazima wakipungukiwa. Wao hushinda. Nadaka mpira, nampa aliye karibu, watu wananipongeza kwa jina wanalolitamka vibaya. Kisha naendesha gari kurudi Columbus, mahindi pande zote mbili za barabara, na nikifika nyumbani naoga, napasha chakula, nakula nikiwa nimesimama.