Ini la Fahali Ndani ya Shati

Jamani, nimeaibika mpaka watu wa Sirari kule mpakani wamesikia! Mdogo wangu Chacha alipasuliwa, akakatwa kipande kikubwa cha ini. Daktari akatuonya, "Ini lililobaki ni dogo, na askari wake wa kumeza sumu ya bakteria wamechoka. Uchafu kidogo tu, sumu inawazidi nguvu, tunampoteza. Chakula cha nje marufuku!"

Mimi kilichoniingia kichwani ni hicho tu cha askari kuchoka. Nikajiambia, "Mura, mpelekee askari wapya!" Nikakimbilia kijijini Machochwe, nikachinja fahali mkubwa kama lori, nikatoa ini bichi, kikosi kizima hicho! Nikalitia kwenye mfuko, nikalificha ndani ya shati, nikaingia wodini kifua mbele.

Kumbe mfuko umetoboka. Sista akapiga kelele, "Baba, unavuja damu!" Kabla sijajibu wameshanilaza kitandani, daktari anafungua vifungo mbio mbio, wagonjwa wote wamenyanyua shingo kama twiga. Akachomoa ini, bado linachuruzika.

Chacha, ambaye hakuwa amecheka tangu apasuliwe, akaangua kicheko huku kashikilia kidonda chake, "Kaka, na wewe nani kakupasua?"