Norbert Dudek na kiti cha marehemu kaka yake

Mtu aliyefua mashuka ya hospitali tangu usichana wake mpaka akapewa pensheni hashikwi na kinyaa upesi. Wilma Dudek alikuwa ameona kila kitu ambacho mwili wa binadamu unaweza kukiacha juu ya kitambaa cheupe, na saa ya mapumziko akala mkate wake na soseji bila kukunja uso. Kwa hiyo waliposikia pale Youngstown, mji wake wa kaskazini, kwamba amerudi kutoka Florida kabla hata Machi haijaisha, na kwamba alipoulizwa kanisani alijibu tu, "Roho ilinichafuka," watu walidhani amekula samaki walioharibika.

Hakula samaki. Alikwenda kutazama besiboli.

Mapenzi yake na mchezo huo yalikuwa ya redioni. Jioni za kiangazi alikaa na mumewe, Chester, kwenye ngazi za nyuma ya nyumba, Chester amevua buti za kiwanda cha chuma, Wilma anamenya viazi, mtangazaji anawaeleza nani karusha na nani kapiga. Walibishana juu ya wachezaji ambao hawajawahi kuwaona kama watu wanavyobishana juu ya wapwa zao. Na kila mwaka, theluji ya Februari ikiwachosha, Chester alisema wakistaafu watakwenda Florida mwezi wa Machi, timu zinapojinoa juani kabla ya msimu kuanza. Huko, alisema, unasimama kwenye uzio na kumsikia mchezaji anavyohema. Tanuru la chuma lilimla mapafu kabla ya hapo. Akamaliza siku zake kwenye kiti cha magurudumu, redio ikiwa mapajani, naye Wilma akimsukuma mpaka dirishani penye mawimbi mazuri.

Alikuwa mjane wa miaka kadhaa Norbert alipompigia simu. Norbert ni mdogo wake Chester. Aliuza duka lake la matairi akahamia Florida, kwenye mtaa wa wastaafu wenye nyumba za bati jeupe.

"Shemeji, njoo Machi hii," alisema. "Huko theluji inakufukia, huku timu iko mlangoni kwangu. Mimi nakwenda kila siku."

"Kila siku?"

"Kila siku ya Mungu. Mpaka walinzi wananiita kwa jina."

Wilma aliweka simu chini akakaa kitako jikoni, akalia kidogo, kisha akaenda kutafuta kofia ya jua.

Asubuhi ya kwanza ilikuwa kama alivyoiwaza, na hilo lazima lisemwe. Alikaa kwenye benchi la mabati kando ya uwanja wa mazoezi, nyasi bado zina umande, akasikia mpira ukiingia kwenye glovu ya mdakaji kwa ule mlio mkavu ambao redio haijawahi kuuleta nyumbani kikamilifu. Mrushaji alikuwa Ezequiel Almonte, kijana mrefu wa kutoka Jamhuri ya Dominika, mwenye kutumia mkono wa kushoto, ambaye watangazaji walikuwa wakimsifu majira yote ya baridi. Kabla ya kila mrusho alipuliza pumzi ndani ya glovu yake, kama mtu anayepoza uji. Hilo hakuna mtangazaji aliyewahi kulisema. Wilma alicheka peke yake. Alitamani kumpiga mtu kiwiko na kumwambia, umeona? Akageuka, na Norbert hayupo.

Alimkuta mazoezi yalipokwisha. Wachezaji walirudi vyumbani kwa njia nyembamba iliyozungushiwa waya, na pale kwenye waya palikuwa na kundi. Si watoto. Wanaume wazima, wenye vitambi na mabegi mgongoni, mabegi yamejaa mipira mipya na picha zilizofungwa kwenye plastiki, zote za kutiwa sahihi. Walinuka mafuta ya kuzuia jua na bia ya jana. Walitafuna mbegu za alizeti na kutema maganda popote, mengine yakaangukia viatu vya mwenzao, naye asijali kwa kuwa alikuwa akitema pia. Mmoja alishika karatasi ya nyuso na namba za wachezaji.

"Hamsini na nane ni nani?" mwenzake alimuuliza.

"Sijui. We piga kelele tu."

"Kaka! Mfalme! Hapa, baba, hapa!"

Hamsini na nane alipita bila kusimama. Kabla hajafika mlangoni, yule aliyemwita mfalme alikuwa ameshamtukania mama yake. Bibi mmoja aliyemshika mjukuu wake mkono alisukumwa mpaka akaegemea pipa la taka, na hakuna aliyegeuka. Katikati yao, tumbo limebanwa kwenye waya, mate kwenye pembe za mdomo, alikuwa Norbert.

"Elmonti! Elmonti kipenzi changu!"

"Jina lake ni Almonte," Wilma alimwambia baadaye, wakielekea garini.

"Mimi nataka jina analoandika, shemeji. Analoitwa si kazi yangu."

Jioni ile alimwonyesha gereji. Gari lilikuwa linalala nje, kwa sababu gereji ilijaa rafu, na rafu zilijaa mipira yenye sahihi, kila mmoja ndani ya kisanduku chake cha plastiki. Alikuwa akiiuza kwenye mtandao. Wilma alitembea kati ya rafu zile, asione hata mpira mmoja wenye tope.

"Norbert, mchezo wenyewe unautazama saa ngapi?"

"Mchezo uko kwenye televisheni," alisema, akazima taa.

Siku ya pili walipofika maegesho, Norbert alitoka garini akishika nyonga. Aliwahi kuivunja miaka miwili nyuma, na Wilma ndiye aliyempelekea kiti cha magurudumu cha Chester kwa lori la mizigo ili kimsaidie. Sasa Norbert alikitoa kwenye buti la gari. Mkono wa kulia wa kiti ulikuwa bado umezungushiwa utepe wa kijani, ambao Wilma aliuzungusha kwa mikono yake kwa sababu ngozi ya kiti ilichanika na kumkwaruza mgonjwa.

"Nyonga imeanza tena?"

"Inauma kidogo. Nisukume, shemeji, sitaki kukuchelewesha."

Akamsukuma. Alimwonea huruma, hata akajilaumu kwa chuki ya jana. Mishikio ya kiti aliijua kama anavyoijua mishikio ya sufuria zake. Kundi pale kwenye waya lilipoona kiti, likapasuka kuwapisha. Wengine waliguna, mmoja akakonyeza jicho, lakini Wilma hakulielewa lile jicho.

Almonte alipotokea, Norbert alibadilika. Mabega yalishuka, kidevu kikalala kifuani, sauti ikawa ya mtu anayevuta hewa kwa deni.

"Mwanangu," alisema, "mapafu yangu yamekwisha. Kiwanda cha chuma. Daktari hanipi kiangazi. Nilitaka tu kukuona ukirusha."

Kijana alisimama. Akaja mpaka kwenye waya, akapitisha vidole vyake akashika vidole vya Norbert. "Babu," alisema kwa Kiingereza chake cha kuungaunga, "unaitwa nani?"

"Chester," Norbert alisema.

Wilma alikuwa nyuma ya kiti, mikono juu ya mishikio. Amesema mara nyingi tangu siku ile kwamba alipaswa kupiga ukelele, au kukibinua kiti chenyewe. Hakufanya lolote. Alimtazama kijana akifumba macho na kusali kwa lugha yake, akatazama mfuko wa Norbert ukitoa mpira, na mwingine, na mwingine, kijana akitia sahihi yote bila kuhesabu. Mwishowe Almonte alimtazama yeye.

"Bibi, Mungu akulipe kwa kumtunza."

Nyuma ya gari, Norbert alisimama bila kushika popote, akakunja kiti kwa mguu, akakitupa ndani ya buti.

"Njaa inaniuma," alisema. "Kuna soseji nzuri pale kona."

"Ulijiita Chester."

"Ni jina tu lilikuja."

"Ulisema maneno yake. Daktari hanipi kiangazi. Aliniambia mimi hayo, kitandani, na wewe nikakuhadithia kwenye mazishi."

"Shemeji, yule kijana atalipwa mamilioni. Nimemchukulia nini? Wino?" Alifuta jasho la shingo kwa kofia. "Wote pale wanafanya. Yupo mmoja anakuja na fimbo ya vipofu. Na kama unataka kwenda kunishitaki, ukumbuke nani alikuwa anasukuma."

Wilma alitapika pale pale, kando ya gurudumu la gari. Norbert alisogeza viatu vyake pembeni, akamngoja amalize.

Usiku ule Wilma alihamia nyumba ya wageni ya barabarani, yenye zulia la unyevu na mashine ya barafu inayonguruma. Kabla ya kuondoka aliomba kiti. Norbert alikuwa amekaa mbele ya televisheni akila viazi vya kukaanga.

"Ulinipa," alisema. "Ukitoa umetoa."

Ilikuwa kweli. Basi Wilma alikwenda gereji, akakaa sakafuni kando ya kiti, akaanza kuubandua utepe wa kijani kwa kucha. Ulikuwa umegandana na jasho la watu wawili. Aliubandua wote, pamoja na gundi, mpaka ngozi iliyochanika ikabaki wazi, akautupa kwenye pipa la jikoni mbele ya macho ya shemeji yake. Norbert aliendelea kula.

Asubuhi alikwenda kwenye waya peke yake. Alifika mapema, akasimama mwanzo kabisa, akavumilia viwiko mgongoni na maganda ya alizeti kwenye soksi. Almonte alipomwona alitabasamu, akaja moja kwa moja.

"Bibi. Babu yuko wapi? Amezidiwa?"

"Si mgonjwa," Wilma alisema. "Alikudanganya. Chester alikuwa mume wangu, na amekufa zamani. Yule ni ndugu yake, na mipira ile anaiuza. Mimi nilikuwa nasukuma na sikujua, halafu nikajua, na nikanyamaza. Nimekuja kukuomba radhi."

Kijana aliyatafsiri maneno kichwani. Tabasamu lilitoka usoni polepole.

"Jana usiku nilimpigia mama simu," alisema. "Nikamwambia tumwombee. Mama aliwasha mshumaa."

"Nisamehe, mwanangu."

"Wewe huna kosa, bibi," alisema, lakini alikuwa hamtazami tena. Aliipangusa mikono yake kwenye suruali, mbele na nyuma, akaondoka. Hatua chache mbele, kwenye uzio uleule, palikuwa na mtu mwenye miguu iliyokatwa magotini, amekaa kwenye kiti cha magurudumu, ana mpira mmoja tu mkononi. Almonte alimpita kama anavyopita nguzo. Yule mtu aliurudisha mpira mfukoni.

Kuliona hilo ndiko kulikomshinda Wilma kuliko uwongo wa Norbert. Alikuwa ametaka kusafisha, na huyu asiye na kosa ndiye aliyemwagikiwa na maji machafu. Alitaka kumwendea ampe neno, lakini neno gani? Nyuma yake mtu mmoja alisema, "We bibi, kama humalizi, toka, wengine tuna kazi."

Mlinzi wa lango, mwanamke mnene aliyekaa kivulini na feni ya mkononi, alimwona akitoka na kumpa chupa ya maji.

"Umemwambia kuhusu yule wa kiti?"

"Unamjua?"

"Norbert? Huyu mwaka wa tatu. Mwaka juzi ilikuwa saratani." Alijipepea. "Tumesema ofisini. Wanasema mkigombana na wazee wagonjwa mbele ya kamera, mtakuwa nyinyi ndio wabaya. Basi tunawasalimu, tunafungua lango."

Wilma alikunywa maji yote kwa mkupuo, akamrudishia chupa, akaenda kukata tiketi ya basi. Tiketi ya mchezo wa mchana ule alikuwa nayo tayari, kwa hiyo aliingia, akapanda mpaka safu ya juu kabisa ambako nyuso hazionekani. Wachezaji walitema mate, wakajikuna, wakatema tena. Watu waliomzunguka waliongea juu ya bei za nyumba. Almonte alirusha vibaya, akatolewa mapema, na mmoja wa wale watafuna mbegu za alizeti, safu za chini, akamzomea.

Aprili, Norbert alipiga simu kama hakuna kilichotokea.

"Umesikia? Elmonti wako wamemshusha kwenye ligi ndogo. Bega. Mipira yake sasa haifai hata kumpa mbwa."

"Nimesikia."

"Bila shaka unafurahi."

"Sifurahi. Kijana ameumia, na wewe unalilia mipira."

"Bado una hasira, shemeji."

"Hasira ingekwisha," Wilma alisema. "Nikisikia sauti yako naona mate yako. Usinipigie mpaka nife, na nikifa usije."

Wanasema pale kanisani kwamba alizidisha, kwamba ndugu ni ndugu. Padri naye alimgusia jambo la kusamehe, akajibiwa kwamba anaweza kwenda kumsukuma mwenyewe.

Redio hakuiacha. Kiangazi kile aliendelea kukaa kwenye ngazi za nyuma, bakuli la viazi magotini, akifuatilia timu yake ikishindwa mara nyingi zaidi kuliko kushinda. Lakini kila jioni, kabla ya mchezo, mtangazaji alipoanza maneno yake matamu juu ya mashabiki na jinsi wanavyowapenda wachezaji wao, Wilma alinyoosha mkono wenye wanga wa viazi na kupunguza sauti mpaka ikafa, akaendelea kumenya hadi alipokisia mrusho wa kwanza umekaribia.