Choo cha Heshima

Juzi huko Sibwesa niliomba choo nyumbani kwa mzee mmoja. Nikaonyeshwa choo kipya cha matofali, chini saruji, na mlangoni buibui katanda utando wake kwa raha zake.

“Mzee, hiki choo hamkitumii?”

“Nimemwachia mkamwana,” akasema. “Siwezi kuingia anakoingia mke wa mwanangu. Ni mwiko.”

Nikamgeukia mkamwana. Akatazama chini. “Choo ni cha baba mkwe. Mimi nitaingiaje humo?”

“Sasa nyie mnakwenda wapi?”

Mzee akaonyesha kwa kidevu vichaka vya kijitoni. Mkamwana naye akaonyesha huko huko, ila upande wa pili.

Jamani! Shimo limechimbwa, saruji imemwagwa, anayefaidi ni buibui! Nilitaka kufoka, lakini mkamwana alikuwa ameshapiga magoti, anampa mzee kikombe cha maji kwa mikono miwili.

“Maji ya wapi haya?” nikauliza.

“Ya hapo kijitoni.”

Mzee akanywa yote, akashukuru, akasema na mgeni aletewe.

Ndiyo heshima yetu hiyo: chooni wanakwepana, kikombeni wanakutana.