Mtani Wangu na Darasa la Ijumaa

Aliyetuletea Darasa la Ijumaa ni dada mmoja wa rasilimali watu, mdogo kuliko binti yangu wa kwanza, na mwenye adabu zake. Kila akinipita ni shikamoo mama, hata tukikutana mara ngapi kwa siku. Kazini kwetu Mikocheni ni kiwanda cha kufulia, tunafua mashuka na mataulo ya mahoteli, na watu kama sie hatuna mazoea ya kuulizwa kitu. Tukiulizwa, tunaulizwa nani kaunguza foronya. Sasa yeye akatukusanya asubuhi, akapanda juu ya kreti la soda, akasema ameona tunafanya kazi kama watu wanaongoja mvua ikatike: hatuongei, hatucheki, kila baada ya muda mtu anaaga anaondoka. Dawa, akasema, ni kufundishana. Kila mmoja ana kitu anachokijua ambacho mwenzie hakijui. Basi kila Ijumaa, wanaume wakisharudi msikitini na watu wameshakula, mmoja atasimama mbele awafundishe wenzie kazi yake. Mtu akishirikishwa ataipenda kazi. Tukaitikia kwa pamoja kwamba tumeelewa.

Mie nilibeza. Nimezaliwa Temeke, nimezeekea Temeke, wenye mawazo mapya nimewaona wakija na wakiondoka. Ila kabla hajashuka kwenye kreti lake akaongeza neno. Kampuni inafungua tawi Mbweni, na kule atatakiwa mkufunzi wa kuwaelekeza wafanyakazi wapya. Atatoka miongoni mwetu, kwa jinsi atakavyoonekana kwenye hayo madarasa. Nikauliza, huyo mkufunzi kazi atakuwa anaifanyaje? Akanijibu kwa upole, "Atakuwa na meza yake, mama, na kiti. Anaelekeza tu." Hapo nikaacha kubeza.

Niwaeleze kuhusu miguu yangu, maana wapo waliosema nilikuwa na tamaa ya cheo. Waongo hao. Kazi yangu ni mashine ya kunyooshea mashuka, silinda kubwa la moto linalovuta shuka upande huu na kulitema upande wa pili likiwa limenyooka. Unalisha mashuka umesimama, toka asubuhi mpaka jua linazama, juu ya sakafu yenye majimaji. Mishipa imenivimba miguuni, na juu ya kifundo cha kushoto pametoboka kidonda kisichotaka kufunga. Daktari hakunizungusha. Alisema, mama, dawa nitakupa na bendeji nitakupa, lakini ukiendelea kusimama hivi, huo mguu tutakuja kuukata. Nikamuuliza, nikiacha kazi utanilisha wewe? Akageukia dirishani. Mie nilitaka kiti, basi. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, na wengine wote wanahadithia tu.

Sasa pale kazini nina mtani wangu. Mie Mzaramo, yeye Mnyamwezi, na anayejua utani wa makabila haya mawili ameshanielewa. Kwa asiyejua: mtani ana ruhusa ya kukutukana mbele ya wakwe zako, na wewe huna ruhusa ya kununa. Ukinuna, mjinga ni wewe. Nilipofiwa na mama yangu, huyu bwana alikuja Temeke, akajifunga kanga yangu ya jikoni, akalala kwenye kizingiti jeneza lisipite, anadai marehemu hazikwi mpaka aseme ule wali wa harusi aliuficha wapi. Watu walikuwa wanalia na kucheka kwa pamoja. Siku ile nilimshukuru, wallahi, maana nilikuwa sijui nitaivukaje.

Yeye yuko upande wa kufua, kwenye madramu ya mashine. Mashuka yakitoka kwake yanakuja kwangu, na hayajawahi kuja bila tusi. Ijumaa yake ya kufundisha alisema hivi: mnaweka nguo, mnaweka sabuni, mnabonyeza, yanayobaki mwachieni Mungu. Watu wakavunjika mbavu, akaenda kukaa. Nikajisemea moyoni, huyu hayumo kabisa.

Mie nilijiandaa. Nyumbani nilisimama mbele ya wajukuu na kuwafundisha mashuka mpaka wakanikimbia. Ijumaa yangu ilipofika nikavaa gauni la Idi, nikafunga bendeji mpya, nikasimama. Nikawaambia shuka lisije kwenye silinda likiwa limeloa, litatoa mvuke na kukunjamana pembeni, wala lisije likiwa kavu, mikunjo haitatoka. Utajuaje? Liweke shavuni. Mkono unadanganya kwa sababu umezoea joto, shavu halidanganyi.

"Mwangalieni," akasema mtani wangu toka nyuma. "Mzaramo akishaweka shavu kwenye shuka, hapo hafanyi kazi tena, kalala."

Wakacheka. Nikaendelea. Nikasema ukilisha shuka usilisukume, shika pindo, sogeza mdomoni mwa mashine, halafu liache livutwe lenyewe. Anayesukuma ndiye anayeungua vidole.

"Mnasikia jamani? Wazaramo hata kazi wanangoja ivutwe. Ndo maana mashamba yote yameisha, waliyaacha yavutwe na ngoma."

Sasa mie ningefanya nini? Mtani akikuanza unamjibu, ndivyo ilivyo, ukinyamaza umeshindwa. Nikamwambia funga bakuli lako mpagazi, babu zako walikuja na pembe za ndovu kichwani toka Tabora mpaka pwani, shuka mmelijulia huku. Akajibu. Nikajibu. Chumba kizima kikalipuka, mmoja aliteleza kwenye benchi akakaa chini. Yule dada wa rasilimali watu alikuwa anajifuta machozi kwa kiganja. Mambo ya vidole na pindo sikuyamaliza, lakini niliondoka pale nimejaa furaha, najiona nimeshakikalia kile kiti.

Majibu yalitoka wiki iliyofuata. Dada aliniita ofisini, shikamoo mama, karibu mama, kaa. Akasema menejimenti imefurahi sana, haijawahi kuona watu wamechangamka vile. Nikatabasamu. Akasema, kwa hiyo kule Mbweni tunampeleka mtani wako.

Nilidhani ananitania. Nikamwambia, mwanangu, yule hajui mashine ya kunyoosha inawashwa wapi. Akasema hiyo si ishu, kujua kunafundishika. "Wewe una ujuzi, mama. Yeye ana watu. Akiwepo yeye watu wanapenda darasa." Halafu akanishika mkono kwa mikono yake miwili, kwa heshima zote, akaniomba wiki ile nimfundishe kila ninachokijua kabla hajaondoka. Akaniambia huko ndiko kushirikishana kwenyewe.

Nilitoka mle nikiwa na hasira ambayo sijawahi kuwa nayo hata kwa mume aliyeniacha.

Nikamfuata mtani wangu nyuma, kwa mama anayetupikia chakula, wakati wengine wameshaondoka. Sikumwita mpagazi. Nilimwita kaka. Toka nimjue sijawahi kumwita kaka, na niliona kijiko chake cha wali kimesimama njiani kwenda mdomoni. Nikavuta gauni, nikafungua bendeji, nikamwonesha. Nikamwambia alichosema daktari. Nikamwambia, wewe miguu yako mizima, madramu unayaacha yazunguke unaenda kukaa kwenye magunia, kila mtu anajua. Kaka yangu, ikatae hiyo nafasi, waambie wanipe mie.

Alikitazama kidonda kwa muda. Uso wake bila utani ndani sikuuzoea, ulikuwa uso wa mzee.

"Ingekuwa yako," akasema, "na mie ndo nina mguu huo, ungeniachia?"

Nikafikiri. Nilitaka kusema ndiyo, na neno lilikuwa karibu, lakini nilishamwita kaka, nikaona aibu kumdanganya.

"Nisingekuachia," nikasema.

"Basi mtani." Akarudi kwenye wali wake. "Ukiukata nitakuja kuuzika. Nitalala mlangoni, usipite."

Nikamzaba kibao. Mkono mzima, shavuni, na wali ukamwagika. Watu waliokuwa getini wakageuka, wakaona ni sie, wakapiga makofi. Mmoja akapayuka kwamba leo Mnyamwezi kapata dozi yake. Mama wa chakula mwenyewe alicheka mpaka akashika meza. Nilisimama pale na mguu wazi, bendeji inaburuza chini, nawaambia jamani huu si utani, na kila nikisema si utani ndiyo wanazidi kucheka, maana mtani wa kweli ndivyo anavyosemaga.

Nikarudi kwa yule dada. Nikasema nimekuja kulalamika. Akaniuliza nani kaniudhi, nikamtaja, nikaona mdomo wake unaanza kucheza. "Nyie watani jamani," akasema. Yeye mwenyewe Mpare, ana Wachaga wake wa kutukana, anayajua haya. Nikavuta gauni nimwoneshe na yeye. Akanizuia kwa haraka, akafumba macho, akasema mama, mambo ya afya peleka hospitali, bima unayo.

Ijumaa ya kumuaga ilikuwa na pilau na soda. Wakamwita mtani wangu mbele, wakampa zawadi iliyofungwa, halafu wakaanza kuimba Mzaramo, Mzaramo, wakinitaka niseme neno. Sikuwa na neno la kuaga. Nikaenda mbele, nikaweka mguu juu ya benchi, nikafungua bendeji taratibu mbele ya watu wote. Nikasema: somo la leo ni hili, mashine yangu inafanya hivi. Nilimwomba huyu kiti, akaninyima. Nilitaka kumwonesha na huyu dada, akafumba macho. Nyie wote mlikuwepo mkicheka. Mguu huu ukikatwa, mjue mlikuwepo.

Nikaona mwanamke mmoja wa foronya kaweka mkono kinywani. Walikuwa wanakaribia kunielewa. Na mtani wangu akaona kama nilivyoona mie, kwamba wanakaribia. Akawahi.

"Mie nilisema," akasema kwa sauti ya juu. "Mzaramo akikosa ngoma ya kucheza, hata kidonda atakifanyia sherehe."

Chumba kizima kikaangua kicheko. Yule wa foronya alitoa mkono kinywani akacheka na yeye, na kwa nguvu kuliko wote, kwa sababu alikuwa ameogopa. Dada alikuwa anarekodi kwa simu. Nikafunga bendeji yangu mwenyewe, hakuna aliyenishikia.

Nilidhani nimeachana naye. Jumatatu dada akaniita tena, shikamoo mama. Video wakubwa wameiona, wameipenda, wamesema haya ndiyo mambo yanayowaweka watu kazini. Kwa hiyo Darasa la Ijumaa litakuwa letu sie wawili. Gari la kampuni litamleta mtani wangu toka Mbweni, nitafundisha, naye atanichokoza, kama siku ile. Nikamwambia siwezi. Akasema, mama, kwa mguu huo, na umri huo, kuna watu wanauliza bado unafanya nini hapa. Mie nawaambia ndiye anayetuchangamshia watu. Nisaidie niendelee kuwaambia hivyo.

Kwa hiyo nafundisha. Ijumaa iliyopita aliingia na shati jeupe, kanenepa kidogo, wakamwekea kiti pale mbele kwa kuwa ni mkufunzi. Mie nikasimama pembeni yake. Wakati watu wanatafuta nafasi za kukaa aliinama upande wangu, akauliza kwa sauti ya chini, bila utani wowote, "Mguu unaendeleaje, dada?"

Miaka yote hiyo hakuwahi kuniita dada. Nikamtazama. Halafu nikapaza sauti ili na wa nyuma kabisa wasikie, nikasema, "Jamani, Mnyamwezi ananiuliza mguu. Mwambieni akae vizuri kwenye kiti chake, ukikatwa nitamletea aupakate."

Wakaangua kicheko, wakapiga mabenchi. Akacheka na yeye, maana ilimbidi, dada wa rasilimali watu alikuwa ameshainua simu.