Viwavi Kumi na Tisa wa Mpawenimana

Saa moja na nusu asubuhi, maji ya mvua ya usiku bado yanadondoka kutoka kwenye mabati. Philomena Bukuru amepiga magoti kwenye tope nyuma ya nyumba ya wageni mjini Kibondo, anageuza jani moja taratibu kwa ncha ya kidole.

"Mwakeye," anasalimia kilicho chini ya jani.

Kilicho chini ya jani ni kiwavi. Ana mistari myeusi, myeupe na ya njano, na vipembe vyeusi vinavyochezacheza. Mkulima yeyote wa mahindi wa mkoa huu angekuwa ameshamsaga kwa kisigino. Philomena anamhesabu, kisha anahamia jani la pili.

"Kumi na wawili wanakula," anasema akimaliza uzio mzima. "Watatu wamejining'iniza. Wanne walishatoka, wameruka."

Philomena, miaka 47, mama wa watoto wanne, wa kwanza Anania, ni mtunza bustani hapa. Anafyeka nyasi, anapunguza michongoma na kumwagilia waridi za mbele, na kwa hayo analipwa shilingi 120,000 kwa mwezi. Uzio wa waya wa nyuma haumo kwenye kazi alizopewa. Ila ukitaka kumpata asubuhi, mtafute huko.

Uzio huo umefunikwa na mmea wa kutambaa wenye majani ya umbo la moyo. Ukivunja kikonyo, unatoa utomvu mweupe kama maziwa, nao usiujaribu mdomoni. Maua yake ni madogo, meupe yenye kijani kidogo, yananing'inia kwa vichala. Watu wengi huku huuita gugu tu, maana huota wenyewe kando ya barabara bila kuombwa na mtu.

Mwenye nyumba ya wageni, Hashimu, mzaliwa wa Ujiji na mtu wa kupenda vitu vinyooke, ana maoni yake kuhusu mmea huo.

"Mgeni analipa alale mahali pazuri, sasa anafungua dirisha anakuta majani yametobolewa," anasema. "Mimi na Mama Anania tumeshindana miaka mitatu. Nimechoka mimi, yeye hajachoka. Tukakubaliana: mbele kwangu, nyuma kwake."

Kwa nini mtu mzima ashindane na bosi wake kwa ajili ya gugu na wadudu? Philomena hazungushi maneno.

"Kuna mtu namkumbuka. Namkumbuka hadi chakula hakipiti. Na nilimdanganya."

Alizaliwa Nyakitonto, wilayani Kasulu, akaolewa Kibondo. Mwaka 2017 alipata kibarua kwenye kitalu cha miche ya miti jirani na kambi ya wakimbizi. Kazi ilikuwa kujaza udongo kwenye viriba, vile vifuko vya kuoteshea miche, kutwa nzima. Aliyekaa naye goti kwa goti alikuwa mwanamke wa Kirundi aitwaye Mpawenimana.

Kiha na Kirundi ni ndugu, kwa hiyo hawakuhitaji kuazima lugha. "Yeye alicheka matamshi yangu, mimi nikicheka ya kwake. Miaka minne tumekula maharage bakuli moja. Hata dada zangu wa tumbo moja sijakaa nao hivyo," anasema.

Mmea ule ulikuwa umepanda kwenye uzio wa kitalu, na Mpawenimana aliupenda kwa sababu ya vipepeo wake, wa rangi ya chungwa wenye ncha nyeusi za mabawa. Msimamizi alipoamuru uzio usafishwe, Mpawenimana alichomoa shina moja na kwenda kulipanda kwenye kibanda chake ndani ya kambi. Huko Philomena hakuruhusiwa kuingia. Kila siku akawa anasikia habari za "abana", yaani watoto, walivyokula, walivyonenepa, walivyolala, bila kuwaona. Alichokiona ni vipepeo tu, wakivuka uzio kwenda watakako.

"Alikuwa akiwaona anasema, 'Hawa hawaombi kibali.' Mimi jioni narudi kwangu. Yeye kwake hakurudi, alirudi kambini."

Aprili 2021 majina ya wanaorejea Burundi yalisomwa, na magari yaliondoka alfajiri iliyofuata. Hawakuagana. Mama mmoja wa kitaluni alimletea Philomena kopo la mafuta ya kula lililopandwa ule mmea, pamoja na maneno mawili tu: "Nakuachia watoto."

"Nikajua ni utani wake. Nikadhani abana aliokuwa akinisimulia ni mimea yenyewe."

Siku ya nne majani yalikuwa na matundu. Hapa Philomena anafuta tope mikononi kwa kanga ambayo nayo ina tope.

"Darasani nilichora yai, kiwavi, pupa, kipepeo. Mwalimu akanipa vema nne. Lakini shambani, kiwavi ni kiwavi. Mwaka ule viwavijeshi walikuwa wamenimalizia nusu eka ya mahindi. Nilipowaona kwenye zawadi ya rafiki yangu, niliwaka."

Aliwachomoa mmoja mmoja. Walikuwa kumi na tisa. Akawamwagia kuku, na kuku wakadonoa, wakatema, wakapangusa midomo chini. Philomena akaona huo ndio ushahidi kwamba wadudu hawa ni sumu, akawatia wote kwenye jiko la mkaa. Alilala na furaha, anakiri, kwa kuwa alikuwa ameuokoa mmea wa mwenzake.

Siku kumi na mbili baadaye simu iliita kwa namba ya Burundi. Alikuwa Mpawenimana, kwa simu ya kuazima. Hakuuliza habari za nyumbani wala za kazi.

"Aliniuliza, 'Wametoka?' Nikamuuliza kina nani. Akasema, 'Abana, wale viwavi niliokuachia.' Nikasema, wametoka. Akauliza wangapi. Nikasema kumi na tisa."

Upande wa pili alisikia kicheko, kisha kilio, kisha kicheko tena. Mpawenimana alisema kwamba basi huenda mmoja wao yuko njiani kumfuata nyumbani. Simu ikakatika. Tangu siku hiyo namba ile haikupatikana tena.

Philomena alianza kutafuta namna ya kuufanya uongo ule uwe kweli, alee viwavi hadi waruke. Mmea wa kwanza, ule wa kopo, alioukuza hadi kwenye uzio baada ya kuajiriwa hapa, ulifyekwa na mafundi wa rangi. Wa pili ulishika vizuri, lakini kila mwezi walikuja watu wa kupuliza dawa ya mbu, na hakuna yai lililosalimika. Mwaka jana alimfuata Hashimu ofisini.

"Nilidhani anakuja kuomba nyongeza ya mshahara," anasimulia Hashimu. "Akaniomba uzio. Anasema dawa isifike nyuma, fyekeo lisifike nyuma. Mtu anaomba uzio, utamjibu nini?"

Februari mwaka huu, mchana wa jua kati ya mvua mbili, kipepeo wa rangi ya chungwa alitua. Philomena alimwona akikunja tumbo chini ya jani changa, akiacha kitone cheupe, akihamia jani jingine. Alikaa kwenye tope akalia, na hakuona haya.

Wa kwanza alitoka baada ya wiki nne hivi, kwenye kifuko cha kijani chenye vitone vya dhahabu. "Kutoka kwao ni kuzuri kuliko nilivyowaza nilipomwambia wametoka," anasema. "Nilikuwa nimemdanganya na uongo wenyewe haukufikia uzuri huu."

Kilichobaki ni kumpata mwenyewe. Kwa miaka miwili amekuwa akimpa Dadi, mfanyabiashara wa dagaa na mawese anayekwenda soko la Mabamba mpakani, karatasi yenye jina la Mpawenimana na la mumewe. Dadi aliuliza Warundi wanaovuka kuja sokoni, wiki baada ya wiki. Wiki iliyopita alirudi na namba.

Imekaa kwenye kanga ya Philomena siku tano. Leo anaifungua mbele ya mwandishi, labda kwa sababu mbele ya mgeni mtu huona haya kurudi nyuma. Anabonyeza, anaweka sauti ya nje, anachuchumaa karibu na uzio.

Anapokea mwanamume. Ni Harerimana, mume wa Mpawenimana. Huku Kiha, kule Kirundi, na maneno yanapita bila shida. Mkewe, anasema, amekwenda kupalilia maharage ng'ambo ya bonde, simu imebaki nyumbani. Nani anayemtafuta?

"Mwambie Philomena. Philomena wa Kibondo, wa kitaluni."

"Philomena wa watoto kumi na tisa?"

Philomena anatazama chini. Harerimana anaendelea, sauti imechangamka. Waliporudi, anasimulia, walikuta nyumba imeanguka na shamba lina watu wengine. Mwaka mzima walilala chini ya turubai. Kila mambo yalipokuwa magumu, mkewe aliwaambia majirani kwamba ameacha watoto kumi na tisa Tanzania kwa rafiki yake, na hakupotea hata mmoja.

"Alikuwa anasema, 'Kama wale walipona wote, na sisi tutapona,'" anasema Harerimana. "Mimi nilichoka kusikia. Lakini yeye alikuwa anaamka kwa hilo."

Philomena ameziba mdomo kwa kiganja. Harerimana anaita haloo, haloo, akidhani mtandao umekata.

"Nipo, shemeji," anajibu mwishowe. "Mwambie Jumamosi ijayo nitakuwa Mabamba, sokoni. Kama anaweza kuvuka, avuke."

"Kuna tatizo?"

"Nataka kumpa habari za watoto."

"Ni wazima?"

Anageuka kuutazama uzio.

"Hawa nilio nao ni wazima."

Akishakata simu anakaa chini kabisa, mgongo kwenye nguzo ya uzio, machozi yanamtoka bila sauti. Alijiandaa kuomba msamaha, anasema, hakujiandaa kusikia kwamba uongo wake umelea nyumba ya watu.

Hashimu, aliyekuwa akisikiliza dirishani bila kujificha, anatoka. Siku mbili za ruhusa amempa kabla hajaombwa. Anachotaka kujua ni saa ngapi wadudu hawa huhesabiwa, na kama ni lazima kuwasalimia.

Mwandishi anamuuliza Philomena kama si afadhali auache uongo huo ulivyo, maadamu umemsaidia mwenzake. Anatikisa kichwa.

"Uongo niliusema kwa simu. Ukweli nataka nimwambie tumekaa, goti kwa goti kama tulivyokuwa tunajaza viriba. Nitamchukulia mche, nitamwambia wale kumi na tisa niliwachoma mimi kwa mikono yangu." Anaikunja karatasi ya namba, anaifunga tena kwenye pindo la kanga. "Akiinuka akaondoka, basi. Angalau nitakuwa nimemwona."