Fundo Yenye Nilifungua na Meno

Wakati nilikuwa mutoto, kwetu Gisenyi, kulikuwa fundo moja yenye hakuna mutu alikuwa anaigusa. Haikuwa kwenye musitu, haikuwa kwenye kaburi. Ilikuwa kwenye mukono ya shangazi yangu.

Nasema mutoto, lakini nilikuwa nimeshajua kubeba ndoo ya maji bila kumwaga. Ilikuwa miaka ile ya mwisho mbele ya elfu mbili. Watu wa silaha walikuwa wanashuka kutoka upande wa volkano, watu wa vijiji kama Busasamana wanakuja kulala kwa ndugu zao hapa muji, shule inafunguliwa, inafungwa. Mi kila mara niliikuta imefungwa, mupaka nikazoea. Leo watoto wa wapwa wangu wananiita nyanya, na ujumbe ikiingia kwenye simu namupa mumoja wao asome, juu mi sikusoma. Lakini matata ya familia yetu haikuandikwa kwenye simu ya mutu. Iko hapa, kwenye kichwa yangu. Nani alimutukana nani, ilikuwa kwenye harusi gani, wakigombana wanakuja kuniuliza. Basi hii nayo nitaisema vile ilikuwa.

Shangazi Asha alikuwa dada ya baba. Mbele ya ugonjwa alikuwa anauza sambaza, vile visamaki vidogo vya ziwa, pale Petite Barrière, kwenye mupaka ya Rwanda na Congo. Asubuhi anavuka Goma na beseni kwenye kichwa, jioni anarudi na habari za ndugu zetu wote wa ng'ambo, wenye wamezaa na wenye wameachana. Halafu homa moja kubwa ikamushika. Tulizani amekufa. Akaamka, lakini kichwa haikuamka yote. Sisi alitujua, kila mutu kwa jina. Lakini siku hakuijua. Njia ya kurudi nyumbani hakuijua. Ukimupa kitu mukononi, hajui kama ni yake ao ni ya kupana.

Kitu moja tu haikumutoka: barrière. Kila asubuhi, jua haijatoka muzuri, anasimama, anavaa kitenge, anaenda. Hakuwa na samaki ya kuuza. Anaenda tu kukaa chini na wale wamama wenzake, anaangalia watu wanavuka, anawasalimia wote kama ni wageni wa harusi yake.

Shida ilikuwa kurudi. Mara moja tulimukuta njia ya Mudende, mbali na muji, anatembea peke yake, jua inazama. Na miaka ile, bwana! Askari kwenye kila kona, kila mutu anaulizwa kitambulisho. Mutu mwenye hawezi kusema nyumbani kwake ni wapi, mutu mwenye anacheka wakimuambia "simama", huyo anaweza kupigwa risasi mbele hawajamufahamu. Hiyo sidanganyi. Woga ilikuwa ya kweli.

Sasa baba mukubwa Hamisi, kaka yao wa kwanza, ndiye alikuwa kichwa ya familia. Fundi wa nguo, mutu wa muskiti, metre ya kupimia nguo shingoni hata wakati wa kula. Alimupenda dada yake, hiyo mi sitaikataa. Alikusanya vipande vya vitambaa vyenye vinabakia chini ya mashini, vitenge, satini, hata kanga ya arusi, akavisuka kamba. Laini kabisa, ili isimuumize. Mi nilimusaidia kuchagua rangi, nikifikiri ni ya kufunga mbuzi ya Idi.

Kumbe alikuwa amemuita mupfumu kutoka Busasamana, muzee moja wa kutibu na mizimu, mwenye alikuja amejifunika koti ya mvua na jua inawaka. Huyo ndiye alimufunga Shangazi: mwisho moja ya kamba kwenye mukono, mwisho ingine kwenye nguzo ya nyuma ya nyumba. Akatema pombe ya ndizi juu ya fundo. Baba mukubwa, na muskiti yake yote, akaangalia pembeni kama mutu mwenye ameona kuku wanapandana.

Muzee akasema: "Wazimu haifi. Inahamaka. Mwenye ataifungua hii fundo, wazimu itatoka kwa huyu, iingie kwake. Muiache mupaka ichoke yenyewe."

Akaenda. Na kutoka siku ile, hakuna mutu wa kwetu aliigusa. Wakimuogesha Shangazi, wanazunguka ile mukono kama iko na moto.

Kamba ilikuwa ndefu. Ilifika choo, ilifika jikoni. Haikufika mulango ya barabara. Asubuhi Shangazi anasimama, anavaa kitenge, anaenda mupaka kamba inamuvuta, anabaki pale amesimama, uso kwenye njia. Akiniona ananiuliza, "Aziza, wamama wameshapita?"

"Wameshapita, Shangazi."

"Wamenitukana?"

"Hapana."

"Basi wamenisahau. Wangekuwa wananikumbuka wangenitukana."

Nyogokuru, mama ya baba, alikuwa Mukatolika wa rozari kati ya watoto Waislamu, lakini fundo ile aliiogopa kuliko shetani. Aliniita akanishika sikio. "Sikia we, juu nakuona macho yako inaenda pale. Kule Mudende, nikiwa binti, kulikuwa mutoto moja alifungua mujomba wake hivi hivi, kwa huruma. Siku ya pili alianza kucheka kwenye shamba ya viazi. Alicheka mupaka alizeeka. Umesikia?"

"Nimesikia, Nyogokuru."

Na niliamini. Musifikiri nilikuwa mutoto mujanja mwenye anajua kuwa ni uongo. Niliamini kabisa. Ile kicheko ya Mudende niliiota.

Siku zikaenda. Halafu asubuhi moja nikapeleka uji, nikakuta Shangazi amelala. Hakusimama. Hakuvaa kitenge. Nikasema, "Shangazi, wamama wanapita sasa hivi." Hata hakugeuza kichwa. Siku yenye ilifuata, vilevile. Uji ikapoa, nzi ikaingia.

Baba mukubwa akafurahi. "Munaona? Wazimu imeanza kuchoka. Ametulia."

Mi ile kutulia niliiogopa. Niliona kuku akiwa hivyo, anatulia, anafunga macho, na kesho yake anatupwa. Nikajiuliza: hii yenye inachoka ni wazimu, ao ni Shangazi?

Asubuhi ya nyuma yake, watu wote walikuwa wametoka, na Nyogokuru yuko misa. Nikakaa chini karibu ya Shangazi. Nikashika fundo. Kitambaa ilikuwa imekauka na pombe na jasho, ngumu kama jiwe. Ilikataa. Basi nikaweka meno. Nilikuwa naisikia kwenye ulimi, chumvi na uchungu, nikafikiri, ndiyo hii, wazimu inaingia, inapita kwenye mudomo yangu. Nikaendelea kuuma.

Ikafunguka.

Shangazi akaangalia mukono yake. Akaisugua. Akaniangalia mi, akaona matone ya machozi, akanipangusa na kona ya kitenge. Halafu akasema, kama tuliachana jana tu, "Simama basi. Tutachelewa."

Tukaenda tumeshikana mikono. Kwenye barrière, wamama walipomuona, vigelegele! Mama Furaha, mukubwa wao, mwanamuke wa mwili na wa sauti, akamuita mbali: "Asha, muvivu we! Ulikuwa umeolewa na mufalme ao nini, hata salamu hakuna?" Shangazi akacheka. Mungu wangu, nilikuwa nimesahau meno yake inafananaje.

Askari moja kijana akakuja. "Huyu mama, kitambulisho iko wapi?"

Mama Furaha akasimama, mikono kwenye kiuno. "Kitambulisho yake ni sisi. Tuko hapa tisa ao kumi, chagua mwenye utamusoma."

Kijana akakuna shingo, akaenda zake.

Lakini habari ilifika nyumbani mbele yetu. Baba mukubwa akakuja mbio, metre inaruka kwenye kifua, akatuchukua wote wawili. Nyuma ya saa sita, kikao ikakaa kwenye lupango, pale uwanja ya nyumba: yeye, baba yangu, Nyogokuru, na Shangazi kwenye mukeka. Mama Furaha naye akaingia, hakuna mutu alimualika, akakaa juu ya ndoo yake.

Baba mukubwa akauliza, "Nani alifungua?"

"Mi."

"Na mikono yako?"

"Na meno."

Nyogokuru akashika rozari. "Yezu Mariya! Na mudomo! Sasa imeingia mupaka kwenye tumbo!"

Baba yangu akanisogelea. Alikuwa ananiangalia kwenye macho, anatafuta kama bado niko mule ndani.

Baba mukubwa akaokota kamba. Akaenda kwenye mukeka, akashika mukono ya Shangazi. Na Shangazi hakukataa. Alimupa tu, vile mutu anapana mukono kwa salamu. Hiyo ndiyo ilinichoma.

Nikasema, "Baba mukubwa, huyo si amepona?"

"Nini?"

"Muzee alisema wazimu inahama. Nimefungua, imehama. Iko kwangu. Utafungaje mutu muzima? Funga mi."

Nikanyoosha mukono.

"We mutoto, unanicheka?"

"Hapana, baba mukubwa. Naogopa. Lakini mukono ndiyo hii. Na kama unaona haikuhama, basi ile muzee alikudanganya, na hii ni vitambaa tu vya mashini yako."

 Kule njiani mutu alikuwa anapiga kengele ya baiskeli yake, hakuna aligeuka. Baba mukubwa anashika kamba, anaangalia mukono yangu, anaangalia ya dada yake.

Ni Nyogokuru alisema. Aliamini kuliko sisi wote, lakini alisema. "Hamisi, funga basi. Si we uliita mupfumu? Si uliamini? Funga huyu mutoto, pale kwenye nguzo, watu waje waone."

Hakuweza. Kamba ikaanguka. Akakaa chini palepale, mutu mukubwa vile, na maneno yenye ilimutoka haikuwa tena ya mizimu. "Wakimupiga risasi, nani ataenda kuokota maiti? Ni we, Mama? Ni huyu Mama Furaha na kelele yake? Ni mi. Mi ndiye nitaenda."

Mama Furaha akapunguza sauti, kitu yenye hatukujua anaweza. "Hamisi, ndugu yangu. Asubuhi mi napita hapa, namuchukua. Muchana yuko katikati yetu. Jioni mumoja wenu anakuja. Huyu mutu haombi zaidi ya hiyo."

"Na siku akikataa kurudi?"

"Utaleta mashini yako, ushonee pale pale. Tena utapata wateja, si hapa kwenye giza yako."

Baba yangu akacheka bila kutaka. Ndipo akafungua mudomo mara ya kwanza. "Tunamupangia maisha, na hakuna mutu amemuuliza. Asha, dada, we unataka nini?"

Wote tukamugeukia. Shangazi akafikiri. 

"Kwenda nataka," akasema. "Kwenda naijua. Kurudi ndiyo inanishinda, njia inageukaka. Mutu anirudishe."

Nimekaa kwenye vikao vingi tangu siku ile. Vya watu wenye akili zao timamu, na suti, na watoto wamesoma. Sijasikia mutu anasema shida yake muzuri hivyo.

Ikawa hivyo. Sitasema alipona, hakupona. Siku moja, na macho yetu yote, alipanda kwenye gari ya viazi akafika Mudende, akarudishwa na dereva, nguo imejaa udongo. Baba mukubwa alilia, akatutukana mupaka mama zetu. Nikajua sasa kamba inarudi. Kesho yake asubuhi nikaamka mapema kulinda mulango, nikamukuta Baba mukubwa mwenyewe amevaa viatu. "Nitamupeleka mi," akasema. "Munamushika mukono kama wageni."

Shangazi aliishi miaka mingi nyuma ya hiyo, akafa kwenye kitanda yake, na wamama wa sambaza walikuwa wengi kwenye kilio kuliko ndugu.

Na mi? Familia ilinilinda na macho. Nikicheka sana, wanaangaliana. Wakati bwana yangu alikuja kuposa, mama mudogo mumoja alimuvuta pembeni, akamuambia ile habari ya meno. Alijibu, "Basi atakuwa na meno mazuri." Mupaka leo, nikisimama kwenye kikao na kukataa neno la wakubwa, kuna mutu atasema chini chini, "Ni ile ya Asha." Niliachaka kukasirika. Kama wazimu ni kuuliza mutu mwenyewe anataka nini mbele ya kumufunga, basi Nyogokuru hakukosea, iliingia mupaka kwenye tumbo, na haijatoka.

Mwaka uliopita mupwa wangu mumoja alikuja kuniambia anataka kufuli ya nje kwenye chumba ya baba yake, juu muzee anasahau na anatoka. Nikamuuliza anaendaka wapi akitoka. Hakujua. Hajawahi kumufuata. Nikamuambia, nenda umufuate kwanza wiki nzima, halafu urudi tuongee habari ya kufuli. Bado sijamuona na hiyo kufuli.

Watoto wangu, na wajukuu wangu wenye munasoma, hii nawaambia ningali najua majina yenu. Siku nitaanza kuyachanganya, musinitafutie muzee wa Busasamana, wala fundi wa milango. Muniulize. Nitajibu kitu, hata kama ni kidogo. Halafu muvae viatu mutembee na mi. Na kama nitashika njia mubaya, mupotee na mi.