Mwonja Chumvi wa Papa Salumu

Harufu ya mkate wa moto ilinifikia kabla sijauona mlango. Nilikuwa Kobe, Japani, nilikotumwa na kazi kwa mafunzo ya wiki tatu, na siku yangu pekee ya mapumziko nilikuwa nimeapa kufika kwenye duka la mikate ambalo wenyeji wote walilisifu. Foleni ilizunguka kona. Mvua ikaanza, watu wakafungua miamvuli, hakuna aliyeondoka. Mimi mwamvuli sina, na sikuondoka. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, nami siku hiyo nilikuwa tayari hata kulala chini.

Mlangoni, binti mwenye kofia nyeupe alinipa kipande cha mkate wao wa chumvi kwenye kijiti, kisha akasimama akiutazama uso wangu. Nikatafuna, nikafumba macho. "Imefika," nikasema kwa sauti, kwa Kiswahili cha kwetu Lubumbashi. Hakuelewa, lakini aliinama kwa furaha. Nami nikabaki na sinia la kuchagulia mikate mkononi, machozi yakinilengalenga, kwa sababu kulisema neno hilo ndiyo ilikuwa kazi yangu ya kwanza maishani.

Nilikuwa na miaka tisa. Tulikaa mtaa wa Hewa Bora, mimi na mama. Baba alikwenda Pweto, mbali huko ziwani, kununua samaki wakavu, na miezi ikapita bila habari zake. Tulikula bukari, yaani ugali, mara moja kwa siku, jioni. Mama alikuwa na sheria moja, nayo ilikuwa kali kuliko njaa yenyewe: mtoto wake haombi, wala hapokei chakula cha jirani. "Kama iko kazi, enda utumike," alisema. "Kama iko huruma, rudi nyumba."

Jirani yetu, Papa Salumu, alikuwa Mwislamu wa asili ya Maniema. Nyuma ya nyumba yake kulikuwa na kichuguu kikubwa kupita chumba chetu. Alikitoboa tumbo akakifanya tanuri, na mtaa mzima ulinunua mikate kwake. Ramadhani ilipoanza, akaniita.

"Miye niko nafunga, siwezi onja," alisema. "Unipe ulimi yako. Chumvi ikifika, useme imefika."

Basi kila siku baada ya shule nilionja donge la unga uliokandwa. Mikate ikiiva, alinipa mmoja niumalize wote, eti nihakikishe chumvi imefika mpaka katikati. Wa pili nilimpelekea mama. "Chumvi inaomba bashahidi babili," alisema Papa Salumu, bila kucheka hata kidogo. Mama alikula polepole, kwa heshima zote za shahidi, kisha akanituma na jibu: imefika. Kazi ni kazi.

Wiki ya tatu nikashikwa na mafua. Pua iliziba, ulimi ukawa kama ubao. Nikisema kweli, kazi imekwenda, na mikate yetu miwili imekwenda nayo. Nikatafuna donge, nikakaza uso. "Imefika, Papa." Alinitazama kidogo. Nilipoinama kuokota kuni, nikamwona kwa pembe ya jicho: alimega donge, akaligusisha ulimi, akatema kwenye majivu, akaongeza chumvi.

Papa Salumu amekula mchana! Na aliyemtia dhambini ni mimi, na uongo wangu.

Nilikata shauri palepale: siri hii nitakufa nayo, na mafua haya yataondoka upesi, yakitaka yasitake. Jioni nilijifunika blanketi juu ya sufuria ya majani ya mikalatusi yanayochemka, nikavuta mvuke mpaka macho yakavimba, kisha nikaomba sufuria ya pili. Mama, aliyezoea kunikimbiza na dawa, alishangaa.

"Weye, unaficha nini?"

"Hapana kitu, mama."

Kesho yake pua moja ilikuwa imefunguka. Nikaonja, nikasema, "Imebakia kidogo, Papa," naye akaongeza. Sikuondoa macho kwenye mikono yake mpaka mikate ilipoingia motoni, asije akateleza tena. Sikumwambia mama, wala padri, wala baba aliporudi na magunia yake ya samaki. Hata Papa Salumu alipozikwa, nami mtu mzima, nilisimama nyuma ya wanawake nikimwombea msamaha kwa kosa lile.

Mwaka jana, mwenzangu wa kazini, Zaina, alinialika kufuturu kwake. Nilifika mapema nikamkuta jikoni, anaonja mchuzi kwa ncha ya ulimi na kuutema. Nikamshika mkono kwa hofu. Alicheka mpaka akakaa chini. "Mupishi anaweza onja," alisema. "Asimeze tu. Mama yangu alikuwa anafanya hivyo kila siku."

Nilikaa chini kando yake, sikucheka. Zaidi ya miaka ishirini nilijisifu moyoni kwamba nilimfichia mzee dhambi yake. Kumbe angeweza kuonja mwenyewe siku zote, na ni yeye aliyekuwa ananifichia njaa yangu, mama asione aibu, nami mwenyewe nisijue.